Siku Nane Nyuma ya Sauti ya Farida Parveen: Dhaka, Kushtia, Natore, Rajshahi

Farida Parveen alifariki Dhaka usiku wa tarehe 13 Septemba 2025, akiwa na miaka 70. Alikuwa mwimbaji mkubwa wa kike wa nyimbo za Lalon, yule fakiri na mtunzi wa nyimbo wa Bengali aliyekufa tarehe 17 Oktoba 1890, na kila mwaka tarehe hiyo mafakiri hukusanyika kaburini kwake, Cheuriya karibu na mji wa Kushtia, siku tatu. Safari ilipangwa iangukie siku hizo. Haya yameungwa baada ya kurudi, kutoka daftari na picha za simu. Bei ni zile zilizolipwa, kwa taka ya Bangladesh. Dola moja ilikuwa kama taka 120.

Njia yenyewe imekwenda kinyumenyume: inaanzia alikofia na kuishia karibu na alikozaliwa na alikoanzia redioni.

Jumatano, 15 Oktoba. Dhaka

Asubuhi Shaheed Minar, mnara wa mashahidi wa lugha ya Kibengali waliouawa mwaka 1952. Hapa ndipo watu walipomuaga Farida tarehe 14 Septemba, mvua ikinyesha, kabla ya kusaliwa kwenye msikiti wa Chuo Kikuu cha Dhaka na kupelekwa Kushtia kuzikwa. Kutoka mnarani hadi soko la maua la Shahbag ni mwendo wa miguu. Ukitaka shada la kupeleka kaburini, usilinunue hapa: halifiki Kushtia likiwa zima.

Kazi ya mchana ilikuwa mbili tu. Laini ya simu, inayotaka pasipoti na alama za vidole. Halafu tiketi za basi kule Gabtoli, taka 650 kwa kiti kisicho na kiyoyozi. Ombeni wauza tiketi wawavunjie noti kubwa. Huko mbele dereva wa bajaji hana chenji ya elfu moja, na wala hajifanyi kuwa nayo.

Alhamisi, 16 Oktoba. Dhaka hadi Kushtia

Kwenda Kushtia kuna njia tatu. Ya kwanza ni treni inayopita Daraja la Padma, lililofunguliwa Juni 2022, kisha Faridpur na Rajbari. Ya pili ni basi la kuzunguka kaskazini kwa daraja la Jamuna. Ya tatu ni basi na pantoni, kutoka Paturia hadi Daulatdia. Tiketi za treni za juma la Lalon huisha mapema, kwa hiyo tukaenda kwa pantoni.

Kuvuka kwenyewe ni kama nusu saa. Kinachokula muda ni foleni, na siku hiyo lori lilizimika katikati ya njia ya kupandia, likakaa saa moja na nusu mpaka likavutwa. Alhamisi jioni ni mbaya zaidi, kwa sababu mapumziko ya wiki Bangladesh ni Ijumaa na Jumamosi na nusu ya Dhaka inarudi vijijini. Ondoka alfajiri. Na kuanzia Desemba hadi Januari usipange njia hii kabisa usiku: ukungu ukishuka mtoni pantoni husimama mpaka jua litoke.

Kwenye foleni hakuna njaa. Vijana hupita na bisi za mchele zilizochanganywa na vitunguu, pilipili na mafuta ya haradali, taka 20. Gatini wanakaanga samaki aina ya ilish mbele yako, kipande kwa kipande, na wali wa moto; uliza bei kabla kipande hakijagusa mafuta. Bibi mmoja wa kiti cha nyuma alikata mapera yake kwa wembe, akayanyunyizia chumvi na pilipili, akagawa basi zima akianza na wageni. Alipoambiwa safari ni ya Farida Parveen, akaimba ubeti mmoja wa "Ei Padma Ei Meghna", mtoto wake akicheka kwa aibu. Wimbo huo si wa Lalon. Aliutunga Abu Zafar, mume wa kwanza wa Farida, na unataja mito ya nchi kwa majina, Padma yenyewe ukiwa wa kwanza. Pengine wasiomjua fakiri hata mmoja wanamjua Farida kwa wimbo huu.

Rajbari, Pangsha, Khoksa, Kumarkhali: giza, hakuna la kuandika. Kushtia saa tatu usiku, kituo cha Majompur. Chumba taka 1,200, feni na chandarua. Siku za Lalon gesti hujaa. Piga simu wiki mbili kabla.

Ijumaa, 17 Oktoba. Makaburini, kisha Cheuriya

Makaburi ya manispaa ya Kushtia yako mjini. Farida amelazwa hapo pamoja na wazazi wake. Ijumaa nenda kabla ya saa tano, maana baada ya sala ya Ijumaa watu huja kuzuru ndugu zao na pakawa pamejaa. Mwanamke amuulize mlinzi kwanza. Mahali pengi Bangladesh wanawake hawaingii makaburini, husimama getini wakaomba dua kutoka pale.

Hapa ndipo ieleweke Kushtia ilimpataje, kwa kuwa hakuzaliwa hapa. Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1954 huko Singra, wilaya ya Natore. Baba alikuwa mtumishi wa afya, mtu wa kuhamishwahamishwa, na masomo ya kwanza ya muziki mtoto aliyapata Magura akiwa mdogo mno. Familia ilipotua Kushtia alipata walimu wa muziki wa kale wa Kihindi: sargam, ngazi za sauti, mazoezi ya kila alfajiri na harmoniamu. Wasikilizaji wa taarab wa Mombasa na Unguja kinanda hicho wanakijua. Alipoingia Redio ya Rajshahi mwaka 1968 aliandikishwa kama mwimbaji wa nyimbo za Nazrul, mshairi Kazi Nazrul Islam. Nyimbo za mafakiri, kwa binti aliyefunzwa hivyo, zilikuwa nyimbo za ombaomba.

Mambo yaligeuka 1973, nchi ikiwa imepata uhuru juzi tu. Mokshed Ali Sai, mwalimu wa nyimbo za Lalon aliyeijua familia, alimtaka ajifunze wimbo mmoja auimbe Cheuriya kwenye sikukuu ya mwezi mpevu wa Dol. Akakataa. Halafu akakubali, huo mmoja tu. Ulikuwa "Satya bol supathe chol": sema kweli, shika njia njema, ewe moyo wangu. Waliomsikia wakataka mwingine, na hakuwa nao. Baada ya hapo alimfuata Mokshed Ali kwa bidii, na mwalimu alipokufa akaendelea kwa Khoda Baksh Sai, Karim Sai, Behal Sai na wengine, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimpa nyimbo alizozipokea kwa murshidi wake.

Kutoka Majompur hadi Cheuriya ni kilomita chache, bajaji ya betri taka 30 kwa mtu, lakini siku za sikukuu hushushwa mbali na kumalizia kwa miguu kwenye vumbi. Simu iwe mfuko wa mbele. Kwanza unapita maonyesho: mapipa ya bembea, vikuku, mazeze ya plastiki. Kisha uwanja wenye jukwaa na vipaza sauti ambavyo huwezi kuvikimbia. Wengi huishia hapo, wakarudi wakisema wamemsikia Lalon.

Usiishie hapo. Ingia geti la kaburi. Chini ya kuba jeupe, lililojengwa 1963, amelala Lalon na pembeni Matijan, mama aliyemlea. Nje ni makaburi ya wanafunzi wao. Viatu vinavuliwa. Nyuma yake kuna jengo la Lalon Academy, ambalo ghorofa ya chini haina kuta, na hapo mafakiri wanakaa kwa makundi, kila murshidi na murid wake juu ya mikeka, wamevaa nguo nyeupe kama sanda, kwa makusudi, kwani aliyeingia njia hii amekwisha kufa kwa dunia. Maneno fakiri, murshidi na murid hayahitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Hata nyimbo zenyewe hawaziiti nyimbo, wanaziita kalam. Lakini asidhani ameingia kwenye zawia ya kawaida: Lalon alikataa kusema ni Mwislamu au Mhindu, na mafundisho yake ni ya mwili wa mtu kama nyumba anamokaa asiyeonekana.

Mfano ni wimbo ambao Farida aliuimba maisha yake yote, "Khachar bhitor ochin pakhi". Ndani ya tundu ndege nisiyemjua, huingiaje, hutokaje? Ningemkamata ningemfunga pingu ya moyo mguuni. Tundu ni mwili, ndege ni pumzi. Shule ya muziki aliyoianzisha Dhaka aliipa jina la ndege huyo, Ochin Pakhi. Kalam karibu zote zimejengwa namna moja: mstari wa kwanza ni kiitikio kinachorudi baada ya kila ubeti, na ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja, "Lalon asema", sawasawa na malenga wetu wanavyojitaja kwenye tamati. Usipojua Kibengali, sikiliza jina hilo. Ukilisikia, wimbo unaisha.

Jioni hiyo, saa mbili kasoro, mwanamke wa makamo alisimama kwenye mkeka wa pili kutoka nguzoni. Mkono wa kulia ektara, zeze la uzi mmoja, imeinuliwa karibu na sikio. Kiunoni kushoto dugi, kingoma cha udongo kilichofungwa kwa kitambaa, anakipiga kwa vidole vya mkono mwingine. Njuga mguuni. Uzi mmoja ulikuwa ukitoa noti moja, nayo haikubadilika. Sauti ndiyo inayopanda na kushuka juu yake, na kila ubeti alikuwa akianza juu kabisa, kwa nguvu, kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Koo lilikwaruza, hakujali. Alipofika jina la Lalon akagusa paji la uso.

Ukisikiliza kanda ya Farida baada ya hapo, wimbo uleule, tofauti unaiona mara moja. Farida alikuwa akikaa, harmoniamu mbele, kando ngoma za tabla, zeze la dotara na filimbi. Miaka ya baadaye filimbi hiyo ilipigwa na mumewe Gazi Abdul Hakim. Sauti haikwaruzi. Neno la mwisho la mstari analivuta bila kutikisika, kila silabi inasikika, na mdundo haukimbii. Mafakiri wengine wanasema huko ni kuipeleka kalam sebuleni kwa wakubwa. Hoja yao ni ya kweli kwa waimbaji wengi wa jukwaani waliokuja baadaye na magitaa, wanaojifunza kwenye kanda na kukosea maneno. Kwa Farida haisimami: maneno aliyapokea mkekani, na tuni aliyapokea mkekani. Alichoongeza ni nidhamu ya koo. Mtu wa mjini aliyekuwa akiona aibu kusikiliza wimbo wa ombaomba akazima aibu hiyo kwa sababu ya sauti yake.

Tuzo zilifuata: Ekushey Padak ya serikali 1987, tuzo ya taifa ya filamu kwa mwimbaji bora wa kike 1993, na ya Fukuoka, Japani, 2008.

Jumamosi, 18 Oktoba. Kula pamoja, kisha Shilaidaha

Chakula cha mafakiri kina jina na saa. Asubuhi ni balya seba, chakula cha utotoni, laini na kitamu. Mchana ni purna seba, mlo kamili: wali, samaki, mboga, dengu, na mtindi mwishoni. Wanakaa kwa safu chini. Kila mtu anapakuliwa, na hakuna anayetia mkono sahani mpaka wote wapate na itolewe sauti ya ruhusa. Watu ni wengi sana, kwa hiyo mtindi wako unakusubiri wewe nawe unausubiri. Mgeni anakaribishwa bila kulipa. Akitaka kuchangia ampe murshidi wa mkeka alioketi, si mtu wa getini anayejipitisha na kikapu. Mzee mmoja alisogea nusu mkeka, akapiga mkono mahali patupu, akasema "boshen, baba", keti, na hakuuliza kitu kingine mpaka chakula kikaisha.

Saa nane tukaondoka kwa bajaji ya kukodi kwenda Shilaidaha kupitia Kumarkhali, taka 900 kwenda na kurudi na kungojwa. Nyumba ya mshairi Rabindranath Tagore iko chini ya idara ya mambo ya kale: Jumapili hufungwa, Jumatatu hufunguliwa mchana, na mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji. Ndiyo sababu haikuachwa hadi kesho yake. Inahusiana na Farida kwa hili: akina Tagore walikuwa wenye ardhi hizi, na kaka mkubwa wa mshairi, Jyotirindranath, alimchora Lalon tarehe 5 Mei 1889. Rabindranath mwenyewe alichapisha nyimbo 20 za Lalon kwenye jarida la Prabasi. Wasomi wa Kolkata wakazisoma. Kuzisikia ni jambo jingine, na hilo lilingoja redio na kanda.

Jumapili, 19 Oktoba. Khaja na ektara

Siku ya kupumzika na kununua. Kushtia inajulikana kwa tiler khaja, peremende ya ufuta. Sukari na maji vinachemshwa mpaka tone likitiwa kwenye maji baridi linakatika badala ya kunama. Donge linapozwa, linatundikwa kwenye ndoano ya mti, linavutwa na kukunjwa, kuvutwa na kukunjwa, mpaka rangi ya kahawia inakuwa nyeupe. Mikunjo ya mwisho inaacha mirija ya hewa ndani. Kisha inavingirishwa kwenye ufuta uliokaangwa na kukatwa. Ukivunja kipande uone matundu kwenye mkato. Kama hakina matundu, kitakushinda meno. Unyevu ni adui yake: paketi ikifunguliwa, imalizwe siku hiyo.

Ektara usinunue ya plastiki wala iliyopakwa rangi nzito inayoficha nyufa. Nzuri ni ya kibuyu kilichokauka vizuri, kimekatwa juu na chini. Chini kumewambwa ngozi ya mbuzi. Pembeni imesimama miguu miwili ya mwanzi uliopasuliwa, inayokutana juu kwenye kigingi. Waya mmoja wa chuma unatoka kigingini, unapita katikati ya ngozi. Kagua mahali hapo: waya lazima uwe umefungwa kwenye kipande kidogo cha mti upande wa nje, la sivyo utaichana ngozi. Mwanzi ukiubana kidogo kwa kiganja noti inashuka, ukiuachia inapanda; ukisikia mlio wa kutatarika, mwanzi umepasuka. Ngozi ikilegea kwa unyevu iweke juani dakika kumi, isipikwe motoni. Ya kupigia ilikuwa taka 800, na ya mapambo 150. Kwenye ndege ibebe mkononi, na forodhani sema mapema kuwa ina ngozi.

Jumatatu, 20 Oktoba. Kushtia hadi Singra

Basi la asubuhi kupitia Bheramara. Mto Padma unavukwa kwa Daraja la Lalon Shah, la mwaka 2004. Kaa kushoto kama unataka kuliona daraja la reli la Hardinge, la 1915, likienda sambamba kwa chuma chake chekundu. Natore saa tano. Hapo lazima kula kanchagolla, maziwa yaliyogandishwa yakapikwa kidogo na sukari, laini, bila umbo la tufe ingawa jina linadai hivyo. Robo kilo taka 150.

Singra iko kama kilomita 20 mbele, barabara ya Bogura, ukingoni mwa Chalan Beel, bwawa kubwa linaloingia wilaya tatu. Oktoba maji yalikuwa yameanza kupungua. Kuna barabara za zege zilizojengwa makusudi zizame: masika zinafunikwa na mashua zinapita juu yake, kiangazi zinatokea na bajaji zinarudi. Siku hiyo moja ilikuwa katikati ya mabadiliko hayo, maji ya vifundo vya miguu, bajaji ikisukumwa na vijana wawili na mashua ikivutwa kwa kamba kando yake, zote mbili zikienda upande mmoja. Farida aliondoka huku angali mdogo. Ukitaka kuvuka, elewana bei ya mashua kwa saa, si kwa safari.

Jumanne na Jumatano, 21 na 22 Oktoba. Rajshahi na kurudi

Natore hadi Rajshahi ni saa moja na ushee. Kituo cha redio huingii bila kibali cha maandishi, na hatukuwa nacho. Binti aliyeandikishwa humo 1968 alikuwa na miaka 13, na ilipita miaka mitano kabla hajaimba neno moja la Lalon. Jioni ukingoni mwa Padma, chai ya maziwa taka 15.

Treni ya kurudi Dhaka iliondoka asubuhi. Tiketi hufunguliwa siku kumi kabla. Mgeni hujisajili mtandaoni kwa pasipoti, na za viti vizuri huisha siku hiyohiyo. Daraja jipya la reli la Jamuna, lililofunguliwa Machi 2025, linavukwa kwa dakika kama tatu, wakati lile la zamani treni ilikuwa ikitambaa. Ektara ilikaa rafu ya juu, na ilipofika Dhaka ngozi ilikuwa imelegea.